Mzee Aliinua Nyusi, Wakaandika "Hakujibu"

Umegeuza uso. Usiseme hukuwepo, kwa maana Jumamosi ile ukumbi ulifurika mpaka watoto wakakalia madumu ya maji, kijiji cha Rita kizima upande mmoja, kijiji cha Laura kizima upande wa pili, na waliokosa nafasi wakachungulia madirishani. Uliona kilichotokea. Ukashangilia au ukatukana, kisha ukaenda zako kula. Na jina la mwanamke mmoja lilipobandikwa mlangoni mwa ukumbi Jumanne iliyofuata, ulilisoma ukapita, kama mtu anayesoma tangazo la nguruwe aliyepotea.

Leo hutapita. Soma.

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumatano ya wiki hii, siku ya nane tangu jina lile libandikwe. Telina Lokboj yuko uwanjani na ufagio. Bahari imepanda tena upande wa nje, imevuka barabara, imepenya chini ya mlango na kuacha mchanga mwembamba kwenye sakafu kuanzia mstari wa pembeni hadi chini ya kikapu. Anafagia haraka mno. Anafika ukutani, anageuka, anarudi kufagia palepale alipokwisha kufagia. Kandambili yake ya kushoto imekatika mkanda na anaiburuta bila habari.

Kila anapofika karibu na meza ya waandishi wa mchezo, ile meza ndefu yenye viti vitatu na honi ya umeme, anaizunguka kwa mbali. Walimfungia meza. Ufagio hawakumfungia.

"Barua inasema nisikae mezani," anasema bila kusimama. "Haikusema nisiifute vumbi. Nimeisoma mara nne."

Mlangoni amesimama Jorinta Kemoj, mshika saa wa ligi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha jirani. Ana mfuko wa donati za moto mkononi.

"Wewe dada, utatoboa sakafu hiyo, halafu wakuandikie barua ya pili," anamwambia. "Kaa ule."

"Nikikaa nasikia honi."

"Honi imezimwa."

"Najua imezimwa. Naisikia."

Telina ana miaka arobaini na mitatu. Kati ya hiyo, ishirini na miwili ameikaa kwenye kile kiti cha katikati, kiti cha mwandishi wa mchezo, anayeandika vikapu na kubonyeza honi. Kufagia ukumbi humpa dola nne kwa saa. Kuandika mechi humpa dola kumi na tano, na kuna misimu alipewa sahani ya wali na samaki badala yake, akashukuru. Hajaolewa na mtu tajiri, hana ndugu kamatini. Alichonacho ni sheria.

Alijifunza kwa kitabu cha sheria za mpira wa kikapu kilichorudufiwa, kilichokosa kurasa nyingi. Mende walikwisha kupitia. Kurasa zilizobaki nzima zilikuwa za muda wa mapumziko na za kuingiza mpira kutoka nje ya mstari. Basi hizo akazishika kama sala. Kabla hajazijua sheria za kucheza madhambi, alikuwa anaweza kukuambia kwamba anayeingiza mpira kutoka pembeni ana sekunde tano, hana ruhusa ya kutembea zaidi ya mita moja, na kwamba pale ambapo nafasi nje ya mstari haifiki mita mbili, mlinzi lazima arudi nyuma mita nzima. Kwenye ukumbi huu, ambapo watazamaji wanakaa na vidole vya miguu juu ya mstari, sheria hiyo ya mwisho inatumika kila dakika.

Lakini fahari yake ni mapumziko, ile dakika moja ambayo timu huomba mchezo usimamishwe. Kila Jumatano jioni aliwafundisha wasichana kumi na wawili kuandika mchezo, bure, na somo la kwanza lilikuwa hilo hilo siku zote.

"Mchezaji haombi mapumziko," aliwaambia. "Apige kelele mpaka koo limtoke, haombi. Anaomba kocha. Na hamwombi mwamuzi mwenye filimbi, anakuomba wewe uliyekaa hapa. Mapumziko yana mlango. Mlango unafunguka mpira ukifa na saa ikisimama. Au mkifungwa kikapu, unafunguka kwenu mliofungwa. Unafungwa mpira ukifika mikononi mwa yule anayeuingiza. Hapo katikati kuna pumzi mbili. Kazi yenu ni hizo pumzi mbili. Ukilala, mlango umefungwa, na ukoo mzima utakusema mpaka uzeeni."

Wasichana hucheka. Telina hacheki. Kwake pumzi mbili ni pumzi mbili.

Sasa turudi kwenye Jumamosi yako ile.

Nusu fainali ya wanawake. Pako ya Rita na Ak ya Laura, papa na ndege, timu ambazo zimenuniana tangu mama zao walipokuwa wanacheza. Zimebaki sekunde sita na kitu, Ak wanaongoza sitini na moja kwa sitini. Pako wanafunga. Sitini na mbili. Ukumbi unapasuka. Ndani ya dakika mbili za mwisho kikapu kikiingia saa inasimama, na Jorinta aliisimamisha. Mpira unadunda chini ya kikapu. Mchezaji wa Ak anaukimbilia ili auingize. Mlango uko wazi kwa Ak peke yao, kwa muda wa kukimbia hatua nne.

Kocha wa Ak ni Mzee Labi Rantak, mwenye miaka sitini na minane. Kwao Laura ni alap, mkuu wa ardhi ya ukoo, na watu hupinda mgongo wakipita mbele yake. Alinyanyuka kwenye benchi. Akapiga hatua mbili kuelekea mezani. Hakukimbia, hajapata kukimbia.

"Mapumziko, Mjomba?" Telina akamuuliza, kwa heshima tunayompa kila mzee.

Mzee akainua nyusi.

Telina akabonyeza honi. Mpira ulikuwa bado sakafuni.

Mwamuzi akatoa mapumziko. Yalipokwisha, akamuuliza mzee mpira uingizwe kutoka wapi, nyuma au mbele, maana dakika mbili za mwisho aliyeomba mapumziko ana haki ya kuchagua. Mzee akanyoosha midomo kuelekea mbele. Mwamuzi akaelewa; ni mtoto wa hapa. Akampeleka mwingizaji kwenye mstari upande wa pili wa meza, akamrudisha mlinzi wa Pako mita moja, akawaambia watazamaji wakunje miguu. Pasi moja. Kikapu. Sitini na tatu kwa sitini na mbili. Laura wakaimba hadi kwao, maili zote zile.

Hakuna mtu katika ukumbi ule, Rita au Laura, mlevi au mzima, aliyesema mzee hakuomba. Walimtukana mlinzi wa Pako aliyelala. Walimtukana mwamuzi. Mama mmoja alitupa kandambili. Lakini kwamba mzee aliulizwa na akajibu, hilo halikuwa na mjadala. Mtu mzima akiinua nyusi amesema ndiyo. Kumuuliza tena ni kumwambia kuwa hujamwona.

Pembeni ya meza, hata hivyo, alikaa mkaguzi kutoka ng'ambo, Bwana Doyle, aliyekuwa na siku tisa kisiwani. Alikuja kupima kama ligi inafaa kupewa ithibati na sakafu mpya. Si mtu mbaya. Alisalimia kila mtu, alikula shelisheli ya kuchoma na kuomba ya pili. Alikuwa akimtazama mzee kwa makini, kama kazi yake inavyomtaka. Alichokiona ni mzee aliyesimama kimya, na mwandishi aliyejibonyezea honi mwenyewe.

Akaandika hivyo. Viongozi wa Pako wakapata habari kwamba ameandika hivyo, wakakata rufaa asubuhi ya Jumapili kabla hata ya kanisa.

Kamati ilikaa Jumatatu. Chumba kimoja, feni moja, watu saba: mkaguzi, mwenyekiti Harding Lometo na wajumbe wake wawili, karani, Telina na Mzee Rantak. Jorinta alisimama nje dirishani, na yaliyofuata aliyaona kwa macho yake.

Mkaguzi aliuliza kwa upole: je, kocha, uliomba mapumziko? Mwenyekiti akatafsiri.

Mzee akainua nyusi.

Mkaguzi akangoja. Feni ikazunguka. Akauliza tena.

Mzee akatazama dirishani. Alikwisha kujibu.

Mkaguzi akauliza mara ya tatu. Hapo mzee akanyanyuka, akapita mbele ya waliokaa akiwa amepinda mgongo, kwa adabu yote aliyofundishwa na mama yake, akatoka, akapanda teksi ya Laura.

Karani akaambiwa aandike. Akaandika: *Kocha hakujibu.*

"Amejibu," Telina akasema.

"Telina, ngoja zamu yako," mwenyekiti akamwambia.

"Lakini amejibu, nyote mmemwona..."

"Zamu yako."

Zamu yake ilipofika alipewa dakika mbili. Kamati haikubadilisha matokeo. Ak wameingia fainali, na wako kimya kama jiwe la chini ya maji, maana wameshashiba. Lakini ripoti ilitaka kosa, na kosa lilitaka mtu. Wakampata wa kufagia. Miaka miwili nje ya meza, na jina lake kuondolewa kwenye orodha ya waandishi watakaokwenda kwenye michezo ya kanda mwezi wa saba. Angekuwa mwanamke wa kwanza kutoka ukumbi huu kukaa kwenye meza ile. Orodha inatumwa Ijumaa hii, saa sita mchana.

Watu watano wa kwetu walibaki ndani ya chumba kile wakati neno *hakujibu* linaandikwa. Mmoja alisema. Wanne walikuwa na macho, tena mazima. Mkaguzi hakujua; asiyejua hana lawama kubwa. Waliojua ndio hao, na kikulacho ki nguoni mwako.

Na hii si mara ya kwanza, kama mmesahau kuna wasiosahau. Miaka kumi na mitatu iliyopita kulikuwa na mshika saa aliyeitwa Aneo Betram. Mnamkumbuka Aneo, mzee wa kofia ya majani? Alikuja mgeni mwingine, na ripoti nyingine, na ahadi nyingine ya taa mpya. Aneo aliulizwa kwa nini alisimamisha saa, akasema, "Mwamuzi aliniambia." Mwamuzi alimwambia kwa jicho, kama tunavyoambiana. Mwamuzi alipoulizwa alitazama viatu vyake. Aneo alitolewa. Watu wakasema, "Pole, Mzee Aneo," wakaendelea kula. Hakuingia tena ukumbini hata kutazama wajukuu wake wakicheza. Alipokufa ligi ilileta shada la maua. Taa mpya hazijaletwa hadi leo.

Sasa ni sakafu. Kesho itakuwa nini?

Gazeti hili lilimfuata mwenyekiti Lometo ofisini kwake. Alikuwa anakunywa kahawa.

"Mambo haya ni ya kiufundi," alisema. "Kitabu kinasema kocha aoneshe ishara kwa mikono. Kitabu ni kitabu."

Aliulizwa: nusu ya kwanza ya mechi hiyo hiyo, kocha wa Pako aliomba mapumziko mara mbili. Yapo kwenye karatasi ya mchezo, dakika ya sita na dakika ya tisa ya robo ya pili. Aliomba kwa mikono?

"Hilo halikulalamikiwa."

Akaulizwa la mwisho: mwenyekiti, siku ile kikaoni, ulimwona Mzee Rantak akiinua nyusi?

Mwenyekiti Lometo akaweka kikombe chini. Akatazama mlango. Kisha, pengine bila kujua mwili wake unafanya nini, akainua nyusi.

Gazeti hili linaandika: mwenyekiti amejibu. Amejibu ndiyo.

Laura iko mwisho wa barabara. Mzee Rantak alikutwa nyuma ya nyumba akigeuza shelisheli juu ya makaa. Alitoa mkeka, akatoa chakula, na hakusema neno mpaka wageni wameshiba. Mkewe, Mama Neirok, alikuwa anasuka kofia na hakungoja kuulizwa.

"Eti hakujibu!" alisema. "Huyu? Huyu hata kanisani, mchungaji alipomuuliza kama ananioa, aliinua nyusi. Miaka arobaini na minne hiyo. Nina watoto saba. Waje waniambie mimi kwamba hakujibu!"

Mzee akatabasamu kwa makaa yake.

"Nilijibu," alisema hatimaye. "Mara ya kwanza. Yule kijana mgeni sina neno naye. Lakini Harding nilimfundisha kuogelea. Akae pale aniulize mara tatu kama mtoto aliyeiba sukari?"

Angerudi kusema kwa mdomo, kama angeombwa?

Alinyamaza muda mrefu. Safari hii alikuwa amenyamaza kweli.

Na hapo ndipo Telina alipokwama. Mtu anayeweza kumwokoa kwa neno moja ni yule mzee, na ni mtu ambaye hawezi kumwomba. Jorinta amemsukuma wiki nzima.

"Panda teksi uende," anamwambia asubuhi hiyo ya Jumatano, donati mdomoni. "Mpigie magoti. Lia kidogo. Wewe hujui kulia?"

"Nikamwambie nini? Mjomba, jibu lako halikutosha, toa jingine?" Telina anasimamisha ufagio kwa mara ya kwanza. "Nikisema hivyo nimekuwa karani. Nimeandika na mimi kwamba hakujibu. Nitapata meza, halafu nikikutana naye barabarani nitazame wapi?"

"Utatazama bahari. Ipo pande zote."

Telina anacheka, kidogo, kisha anaanza kufagia tena.

Hajifanyi malaika. Ukimbana, anasema mwenyewe. "Kosa langu lipo. Kitabu kinasema mkono: kiganja juu, kidole chini yake. Nakijua. Nimewafundisha watoto wa watu. Lakini tangu nikae pale sijaona kocha hata mmoja wa hapa akifanya vile mbele yangu, labda vijana waliosoma Hawaii. Nilitakiwa kulisema hilo zamani, kwenye kikao, liandikwe. Nililiacha kwa sababu tulielewana. Kuelewana hakuna karatasi."

Usiku halali vizuri. Mikono yake imeanza kufanya mambo yenyewe. Dukani, akipimiwa mchele, dada mwenye duka aliinua nyusi kumaanisha ndiyo, upo, na kidole cha Telina kikabonyeza kaunta kama kinabonyeza honi. Ametembea barabara nzima kutoka Rita hadi uwanja wa ndege na kurudi, jua kali, bila mwavuli. Watu walimpa lifti akakataa. Walimwona. Nao wakageukia upande wa maji.

Katiba ya ligi, ukurasa wa mwisho ambao hakuna anayeusoma, inasema adhabu hufunguliwa upya iwapo watu kumi waliokuwepo ukumbini wataandika majina yao na walichokiona. Jorinta ndiye aliyekigundua kifungu hicho. Amechukua daftari la shule, akaweka kwenye kiti karibu na mlango wa ukumbi, na kalamu juu yake. Limekaa pale tangu Ijumaa iliyopita. Ukumbi ulikuwa na watu zaidi ya mia saba. Daftari lilikuwa na majina mawili: la Jorinta mwenyewe, na la Neimat muuza donati, ambaye aliandika kwa herufi kubwa, NILIONA KWA MACHO YANGU NA NILIKUWA NIMESIMAMA KARIBU KULIKO NYINYI.

Mwamuzi wa mechi hajaandika. Amepangiwa fainali. Wachezaji wa Ak hawajaandika. Wamesema wanangoja kuona wengine. Wengine nao wanawangoja wao.

Saa moja kasoro asubuhi hiyo hiyo, wakati Telina anamwaga mchanga nje, pikipiki inasimama. Anashuka Jiba Lokeijak, kocha wa Pako. Kocha wa waliofungwa. Macho yake mekundu, shati limegeuzwa ndani nje.

Jorinta anajiweka mlangoni kama mlinzi. "Umekuja kudai ushindi wako? Uko Laura, nenda ukauchukue."

"Dada Jorinta, niache nipite."

"Lipa kiingilio."

"Niache bwana."

Anaingia. Anasimama mbele ya Telina na hajui mikono aiweke wapi. Wote wawili wanatazama sakafu iliyofagiliwa mara tatu.

"Viongozi wangu wananiambia ninyamaze," Jiba anasema. "Wanasema tukinyamaza msimu ujao mambo yatakuwa mazuri. Sijui mambo gani."

"Basi nyamaza," Telina anamwambia. "Una mke na kazi."

"Dakika ya sita, robo ya pili, uliniuliza nini?"

"Nilikuuliza, mapumziko, Jiba?"

"Nikafanyaje?"

Telina anauegemeza ufagio ukutani.

"Niliinua nyusi," Jiba anasema. "Ukabonyeza honi. Na dakika ya tisa tena. Kama yangu yalikuwa halali, ya mzee ni halali. Kama ya mzee ni haramu, basi mimi nimeiba mapumziko mawili, na bado nikafungwa." Anacheka vibaya. "Mwizi aliyefungwa. Mke wangu amekataa kunipikia mpaka nije hapa."

"Unajua watakufukuza?"

Jiba anainua nyusi.

"Hapana, Jiba," Telina anasema. "Leo kwa mkono. Kalamu iko pale."

Anaandika amesimama, daftari juu ya goti. Anaandika polepole, mistari sita, anakata neno moja, analiandika upya. Anaweka jina lake, la baba yake, na la timu yake. Anapanda pikipiki anaondoka bila kuaga, na shati lake bado liko ndani nje, hakuna aliyemwambia.

Majina matatu.

Telina ana mpango, ukitaka kujua anafikiria nini anapozunguka na ufagio ule. Akirudi mezani, ataomba kikao. Hataki kitabu kitupwe. Anakipenda kitabu kuliko hao wanaokitaja. Anataka mambo mawili yaandikwe. Kwamba kabla ya kila mechi mwandishi awaambie makocha wote wawili, mbele ya mwamuzi, ishara gani itakubaliwa siku hiyo. Na kwamba mgeni yeyote anayekuja kutupima akae kwanza jioni moja mezani na mtu wa hapa, aoneshwe tunavyosema ndiyo. Kisha mwezi wa saba apande ndege, akae kwenye kiti cha katikati mbele ya visiwa vyote, na akirudi awape wasichana wake kumi na wawili somo la pili. La kwanza wanalijua.

"Si kwamba nataka kusifiwa," anasema. "Nataka kukaa. Wiki hizi sijui kukaa."

Gazeti hili liko mkononi mwako Alhamisi. Orodha inaondoka kesho Ijumaa, saa sita mchana. Yanahitajika majina saba.

Wewe uliyekaa nyuma ya kikapu cha Laura na shati la njano, ulikuwa unamtazama mzee, ulimnyooshea kidole ukasema, "Sasa anaomba." Wewe mama uliyetupa kandambili, ulikuwa mstari wa mbele kabisa. Nyinyi wachezaji wa Ak mliobebwa mabegani kwa sababu ya honi ile, fainali mtaichezaje na miguu gani? Na wewe karani, uliyeandika neno lile kwa mwandiko wako mzuri, kalamu ni ile ile, nawe unajua kuitumia.

Usiseme utakwenda baada ya kazi. Usimtume mtu. Asiyekuwepo na lake halipo. Daftari liko kwenye kiti, mkono wa kulia unapoingia, na Jorinta anafungua mlango saa kumi na mbili asubuhi. Andika jina lako lote, na la baba yako, na ulichokiona, kwa maneno, usibakize hata moja.

Weka gazeti chini. Nenda.